Mzunguko wa Mwisho ni Wako

Mzee aliyeingia kwenye kibanda cha gemu alasiri ile hakufanana na mtu wa gemu. Alivaa koti zito la kahawia, kofia ya pama na mabuti ya mpira yenye tope la shambani. Mkono mmoja ulishika mwavuli mweusi, mwingine kichane cha ndizi mbivu. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, akaliangalia benchi tupu, akaiangalia televisheni, kisha akamwangalia Atuganile usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mgeni.

"Mugonile, tata," Atuganile alimsalimu, akainuka kumpisha. Alimwita tata, baba, kama anavyoitwa kila mzee wa Kyela hata ukiwa hujui ametoka ukoo gani.

Mzee aliitikia salamu, akaomba kujikinga mvua kidogo mpaka gari la Ipinda lipatikane. Atuganile alimwambia kwa mvua hii hakuna gari litakaloondoka kabla ya jioni, akampa kitambaa ajifute, akamvutia benchi karibu.

Ilikuwa Aprili, na mvua ya Kyela mwezi huo haidondoki, inamwagwa. Tangu mchana ilikuwa imewafungia wateja wote majumbani. Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la vitenge la mama mdogo wa Atuganile, Tusekile, mwanamke ambaye aliijua njia ya Kasumulu, mpakani, kuliko njia ya jikoni kwake. Miaka ile mipaka ilikuwa imelegea na kila aina ya bidhaa inapita, na safari moja Tusekile alirudi kutoka Karonga, upande wa Malawi, na kitu ambacho mtaa ulikuwa haujakiona: mashine ya gemu, na pedi mbili za kushika mkononi. Alimkabidhi Atuganile, binti aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akisubiri asichokijua, akamwambia aifanyie kazi kabla nayo haijazoea kulala kama yeye.

"Hicho ni nini?" mzee aliuliza, akielekeza kidevu kwenye kioo. Gari jekundu lilikuwa limesimama katikati ya barabara, limeganda.

"Mashindano ya magari, tata. Nimelisimamisha kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Mgeni akiingia, hata gari linasimama."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyekitumia mara nyingi, akakaa. Atuganile alirudi kwenye kigoda chake na kuendelea, na alivyoendelea alimweleza. Alimwambia kwamba ubingwa una raundi nane, kila raundi ina barabara yake, na kila barabara inazungukwa mara tano. Kwamba gari jekundu ndilo lake. Kwamba lile la bluu ni la adui, halichoki, halikosei kona, na tangu mwaka uanze halijawahi kumwachia kombe. Kadi ya kutunzia mchezo ilikuwa imekufa wakati wa Krismasi, kwa hiyo raundi zote nane zilipaswa kuchezwa kwa mkao mmoja, na umeme wa Kyela haujawahi kumwahidi mtu chochote. Leo alikuwa ameanza peke yake ili kupitisha muda tu. Sasa alikuwa raundi ya nne, na zote tatu zilizopita alikuwa ameshinda. Jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja.

"Basi usiongee," mzee alisema. "Endesha."

"Naweza kufanya yote mawili. Mwenzangu ndiye akiongea anagonga ukuta."

"Una mwenzako?"

Atuganile alikata kona, akalipita gari la kijani, na tabasamu dogo likamtoka bila kuombwa. Mzee aliliona. Alimenya ndizi moja, akaikata katikati, nusu akampa. Atuganile aliipokea kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendesha, akaomba radhi kwa mkono huo. Wakala pamoja.

Raundi ya nne ilipokwisha, kioo kiligeuka cheusi. Ndivyo mashine ile ilivyokuwa: kila baada ya raundi ilikaa kimya kidogo ikitafuta barabara nyingine, na katika weusi ule wa kioo waliokaa mbele yake walijiona kama kwenye maji ya kisima. Ilikuwa katika weusi huo ambapo Atuganile alimpenda Amon.

Alikuwa amekuja siku moja ya Januari, mnyororo wa baiskeli umemkatikia mlangoni, shati jeupe la ofisini limejaa grisi. Alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha kule Kasumulu. Aliingia kuomba koleo, akabaki kutazama, siku ya pili akarudi bila mnyororo kukatika. Wakaanza kupokezana, yeye raundi moja, Atuganile raundi moja. Hawakutazamana, kwa sababu wateja walikuwepo na mama mdogo alikuwa na masikio ya popo. Lakini kila kioo kilipozima, nyuso zao zilikuwa pale, zimekaa bega kwa bega, na huko hakuna aliyewakataza kutazamana. Ilifika wakati Atuganile akawa anaomba mashine ichelewe.

Haya hakumweleza mgeni yote. Lakini mvua ilikuwa inapiga bati, mzee alikuwa msikilizaji mwema, na kuna mambo ni rahisi kumwambia mtu ambaye hutamwona tena. Alimwambia kwamba kuna kijana. Alimwambia anaitwa Amon, ni mpole, anaandika mwandiko mzuri, na ana kasoro moja tu.

"Ipi?"

"Anamwogopa baba yake."

Mzee alishughulika na ganda la ndizi. "Mtoto kumwogopa baba ni kasoro?"

"Kuogopa kidogo si kasoro, tata. Lakini huyu amesema atazungumza na baba yake siku tutakayoshinda kombe hili. Nilidhani ni utani. Sasa naona anasali tushindwe." Alikanyaga mafuta, raundi ya tano ikaanza. "Na simlaumu. Huyo mzee ni mzee wa kanisa kule Ipinda, ana mpunga na ana kakao, na watu wanasema ni mkali mpaka jogoo wake huomba ruhusa kabla ya kuwika. Ameshasema hataki msichana anayekaa chumbani na wavulana akiendesha magari ya uongo."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo Amon alivyosikia."

"Anaitwa nani, huyo mzee mwenye jogoo?"

Atuganile alifungua mdomo, kisha akaufunga. Gari jekundu liliyumba, likagusa ukingo, likarudi.

"Jina lake silitaji," alisema taratibu.

"Kwa nini? Umeshaolewa, jina la mkwe likawa mwiko?"

"Bado."

"Mmechumbiana?"

"Bado, tata."

"Sasa nani amekukataza kulitaja?"

"Hakuna. Ulimi umeanza wenyewe."

Mzee alivua kofia, akaipiga maji gotini, akaivaa tena. Atuganile angekuwa anamtazama angeona kwamba macho yake hayakuwa kwenye barabara hata kidogo. Yalikuwa kwenye uso wake yeye, yakipita polepole kwenye paji, kwenye kovu dogo la nyusi, kwenye kidevu, kama mtu anayekariri kifungu ambacho kesho hatakuwa na kitabu chake.

Baadaye alianza kusema ya kwake. Alikuwa dereva ujanani, alisema. Alipeleka mchele wa Kyela hadi Mbeya kwa lori, kwenye milima ya Tukuyu, enzi ambazo barabara ilikuwa tope na ukungu. Siku moja lori lilimlalia kwenye kona, akatoka mzima, na mkewe akamwapisha asishike usukani tena. Akaapa. Mke alikwishafariki, lakini kiapo kilikuwa bado kinaishi.

"Na hili?" Atuganile aliuliza, akiinua pedi.

Mzee aliitazama kwa mashaka, kisha kwa hamu ambayo hakuweza kuificha. "Hili halina magurudumu," alisema. "Nadhani hata marehemu hatanigombeza."

Atuganile alisimamisha gari, akamsogelea. Akakishika kidole gumba cha mzee, kinene, kigumu kama mzizi, akakiweka kwenye kitufe kimoja kimoja: hapa mafuta, hapa breki, hapa kushoto, hapa kulia. Mzee alishangaa kwamba gari zima linaingia kwenye vidole viwili. Akaomba aendeshe hata kidogo.

"Sasa siwezi kukupa, tata. Nikitoka humu naanza upya, na nimefika mbali. Lakini nakuahidi. Nikifika raundi ya nane, mzunguko wa mwisho ni wako."

"Usimwahidi mzee kwa kumfurahisha."

"Sikufurahishi. Wakati huo nitakuwa nimeliacha gari la bluu nyuma kabisa, hata ukienda mwendo wa konokono tutafika."

Mzee akampa mkono. Atuganile akaupokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa, na wakacheka wote wawili.

Raundi ya tano alishinda. Ya sita alikuwa wa pili, nyuma ya lile la bluu. Katika ya saba taa ilififia, kioo kikatetemeka, wote wakashika pumzi, umeme ukarudi kama aliyesahau kitu. Alimaliza wa pili tena. Sasa hesabu ilikuwa nyepesi, maana raundi ya mwisho ilikuwa na pointi nyingi kuliko nyingine zote: atakayetangulia kati ya nyekundu na bluu kwenye raundi ya nane ndiye bingwa.

Kioo kikawa cheusi. Atuganile akaona uso wake na uso wa mzee pembeni, umetulia chini ya kofia. Halafu nyuma yao ukatokea uso wa tatu, umelowa mvua, na moyo wake ukaruka kama kila siku. Alimtabasamia Amon ndani ya kioo, akingoja amtabasamie.

Amon hakutabasamu. Alikuwa anamtazama mzee.

"Baba," alisema.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hali naye, hacheki naye, hataji jina lake, hapokei kitu kutoka mkononi mwake, na haongei naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Wengi wa mjini wamelegeza siku hizi, lakini Atuganile alilelewa na bibi ambaye hadi anazeeka alikuwa akijitupa kwenye migomba kila baba mkwe wake alipopita njiani. Na sasa, katika alasiri moja, yeye alikuwa amemtazama mzee huyu, amekula naye kichane kimoja, amemshika kidole, amempa mkono, amecheka naye. Na amemsimulia jogoo wake.

Hakumbuki alivyoinuka. Alijikuta ameshavuta kanga kichwani hadi machoni, amepita pazia, yuko dukani katikati ya vitenge, uso umezama kwenye bega la mama mdogo.

Tusekile alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachungulia pazia, akarudi.

"Ndiye," alisema. "Mtoto wangu, ungeweza kuniita tu nikamtazama. Mabuti yale nayajua, kanisa zima linayajua."

"Mama mdogo, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Hajaposa mtu hapa. Mahari haijatoka, hata jembe moja hatujaliona. Mwiko haujaanza."

"Kwangu umeanza."

Tusekile alimshika kidevu kupitia kanga. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini hilo liliyapunguza. Aliwaza kidogo, akavuta kitenge kipana cha njano kwenye rafu, akachukua kamba.

Upande wa pili wa pazia, sauti ya mzee ilisikika ikimuuliza Amon kwa nini amelowa, na Amon akijibu kwamba alipanda baiskeli kutoka Kasumulu, na kwamba hakujua baba yuko Kyela. Mzee alisema naye hakumwambia mtu. Halafu akasema, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka pazia:

"Mwenzako amekimbia. Nani amemkimbiza? Mimi sijasikia kwamba kuna mtu ameposa. Au nimechelewa habari?"

Amon hakujibu. Atuganile, aliyekuwa amebana pumzi, aliisikia mvua tu. Aliumia kidogo, mahali padogo, kama mwiba wa samaki. Alikuwa amejifunika kichwa kwa ajili ya mtu huyo. Kusema neno moja kulikuwa kazi gani?

"Na mchezo umesimama," mzee aliendelea. "Mimi nina mzunguko wangu humo. Niliahidiwa."

Tusekile aliingia na kitenge chake, akasalimu, akafunga kamba kutoka msumari wa ukutani hadi kwenye meza ya televisheni, akatundika. Chumba kikagawanyika mara mbili, mzee kulia, kigoda cha Atuganile kushoto, na kioo mbele kikionekana pande zote. Amon aliambiwa asimame mwishoni mwa kitenge, kwenye upenyo, anapoweza kuwaona wote wawili, wao wasionane.

Atuganile aliingia akiwa ameinama, akakaa, akachukua pedi. Alihisi Amon anamtazama, akainua macho kidogo chini ya kanga. Amon alikuwa na uso wa mtu aliyesimama ukingoni mwa Songwe mto umejaa, anataka kuvuka, hajui kina. Hasira ndogo ya Atuganile ikalainika, bila kuisha.

"Tushinde, Atu," Amon alinong'ona. "Tukishinda leo, leo hii hii nasema."

Raundi ya nane ilikuwa barabara ya mlima, giza, mvua. Ilikuwa kana kwamba mtengenezaji wake aliwahi kupita Tukuyu mwezi wa Aprili. Gari la bluu lilitangulia tangu mwanzo, na mzunguko wa kwanza na wa pili Atuganile aliona taa zake za nyuma tu, nyekundu mbili ndogo, zikipotea kwenye kila kona kali ya juu.

Kutoka upande wa pili wa kitenge mzee alikohoa.

"Amon. Mwambie kona ile asiikimbilie. Apunguze kabla hajaingia, akiwa ndani aachie, akitoka ndipo akanyage."

Amon akamwambia. Mzunguko wa tatu Atuganile alijaribu. Alifunga breki mapema mpaka akaona aibu, akaingia pole, na alipotoka gari lilichomoka kama limesukumwa. Taa mbili nyekundu zilikuwa karibu zaidi. Mzunguko wa nne, kwenye kona ile ile, gari la bluu lilisogea kidogo kuelekea nje, nafasi ya gari moja ikabaki ndani, na Atuganile aliingia humo akiwa amefumba jicho moja.

Akatokea mbele.

Tusekile alipiga kigelegele kifupi, akajifunika mdomo. Amon alikuwa amekamata ukingo wa kitenge kwa mikono yote miwili. Miezi yote ile, jioni zote zile, na hawakuwahi kuiona barabara hiyo ikiwa tupu mbele yao. Mstari mweupe ulitokea, gari likapita juu yake, na maandishi yakaandika kwamba umebaki mzunguko mmoja.

Atuganile alisimamisha mchezo.

Mvua ilisikika tena. Kwenye kioo gari jekundu liliganda, na nyuma yake, kwa umbali ambao mtu angeweza kuruka, liliganda la bluu.

"Kuna nini?" Amon aliuliza.

"Mzunguko wa mwisho si wangu."

Amon alipiga magoti penye upenyo, uso karibu na wake kuliko ulivyowahi kuwa nje ya kioo kile. Aliongea kwa sauti ya chini kabisa. Alimwambia amalize kwanza, mara moja tu, baba ataelewa, baba anaweza kuendesha baadaye hata usiku kucha. Alisema wamesubiri sana. Alisema, "Atu, ni sisi hapa."

Atuganile alimtazama moja kwa moja. Alitamani kushinda. Alitamani hivyo kwa mwili wote, kwa vidole vilivyokuwa bado vinaijua ile kona. Na alijua kwamba mzee, akiwa upande wa pili, hangesema neno. Angekaa na kofia yake na kutazama wakishinda, na kwenda zake kwenye gari la Ipinda.

"Nilimwahidi kabla sijajua ni nani," alisema. "Nikimnyima kwa sababu sasa najua, nitakuwa mkwe wa namna gani?"

Hakumpa mkononi. Aliiweka pedi juu ya kigoda, akakisukuma kigoda taratibu chini ya kitenge hadi waya ukafika mwisho wake. Kisha akakaa sakafuni, mikono mitupu.

Mkono mnene ukaiokota pedi.

"Kitufe cha katikati," Atuganile alisema, akimwangalia Amon. "Mwambie baba yako abonyeze cha katikati."

"Baba, bonyeza cha katikati."

Gari jekundu likaamka. Kwa muda mfupi lilienda vizuri, likinyooka, kwa sababu barabara ilikuwa imenyooka.

"Mwambie akate kushoto."

"Baba, kata kushoto."

Lakini neno lilikuwa na safari ndefu, na kona ilikuwa na safari fupi. Neno lilipofika gari lilikuwa limeshabusu ukuta. La bluu lilipita likivuma. Mzee alirudi nyuma, akageuka, akaelekea walikotoka.

"Mwambie amegeukia Mbeya."

"Baba, umegeukia Mbeya."

"Naona," mzee alisema. "Nilikuwa naaga."

Alirudi njiani. Gari la kijani lilimpita, la njano likampita. Kila kona maagizo yalitoka kwa Atuganile, yakapita kwa Amon, yakafika yamechelewa, na kila ukuta wa mlima ule uligongwa. Katikati ya barabara Tusekile alianza kucheka, kisha Amon, kicheko cha kukata tamaa kilichogeuka kicheko kweli, na Atuganile akaanza kucheka ndani ya kanga yake machozi yakimtoka, hajui ni ya nini. Lakini kwenye kona kali ya juu, kabla hajaagiza neno, gari jekundu lilipunguza lenyewe. Liliingia pole, likaachia, likatoka likikanyaga, safi, bila kugusa popote. Upande wa pili wa kitenge kulisikika pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa ameibeba miaka mingi.

Walimaliza wa sita. Kombe likaenda kwa bluu.

Kigoda kilirudi chini ya kitenge, pedi juu yake, na pembeni yake nusu ya ndizi ya mwisho, imekatwa vizuri.

"Amon," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mwambie ahadi nimeipokea. Mwambie najua ilikuwa na thamani gani, nilikuwa nimekaa hapa naiona. Na mwambie jogoo wangu anawika saa anayotaka."

Amon alimwambia, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Tena mwambie sikuja kumkagua. Nilisema maneno yale ya wavulana na magari ya uongo, na nikaona nimemhukumu mtu nisiyemjua. Nikafikiri: huyu akija kwangu, nitaishi naye ua mmoja mpaka nife bila kuutazama uso wake. Nikataka niuone mara moja kwanza, wakati bado siyo dhambi."

Amon alifungua mdomo kupeleka ujumbe, kisha akaachia kitenge. Alisimama wima, shati limemgandia.

"Baba," alisema. "Hatujashinda. Lakini nina neno."

"Liseme kwa nguvu. Mvua inapiga bati, na kuna mtu upande wa pili naye asikie."

Wakati huo raundi zilikuwa zimekwisha, mashine haikuwa na barabara nyingine ya kutafuta, na kioo kikawa cheusi. Atuganile, kwa mazoea ya jioni zote zile, alitazama mle ndani kabla hajakumbuka. Kioo hakikujua habari za kitenge. Kilionyesha pande zote mbili: yeye na kanga yake, Amon amesimama katikati anaanza kusema, na mzee kwenye benchi.

Aliharakisha kuinamisha macho. Lakini alikuwa ameshaona.

Mzee alikuwa ametangulia. Alikuwa amejigeuza kuelekea ukutani, na kofia ya pama ameishusha hadi ikafunika uso wote.